Rolakosta moja, siku moja: asubuhi nilicheka, alasiri nikatapika mbele ya mama mkwe. Nini kimebadilika?

#1 Baba Watatu
Wakuu salaam.

Niende moja kwa moja. Wiki iliyopita tulikwenda bustani ya michezo familia nzima: mimi, mke wangu, watoto watatu (miaka 14, 11 na 7) na mama mkwe, ambaye ana miaka 67 na goti moja bovu. Pale kuna rolakosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwenye reli, ya chuma, ya kuvutwa na mnyororo, wala si ya kutisha kivile: mlima mmoja mkubwa, vilima kadhaa, kitanzi kimoja cha kupindua kichwa chini, basi. Saa nne asubuhi nilipanda na mwanangu mkubwa, siti ya mbele kabisa. Raha tupu. Nilishuka nacheka kama mtoto.

Saa tisa alasiri nikarudia. Zamu hii nilikaa behewa la mwisho, na pembeni yangu mama mkwe, maana mke alibaki na mdogo. Ndugu zangu, ile haikuwa treni niliyopanda asubuhi. Mteremko wa kwanza tu nikanyanyuka kwenye siti, tumbo likabaki kule juu, kichwa kikaanza kuzunguka, na tuliposimama nikatafuta ndoo. Ndoo haikuwa karibu. Sitaeleza zaidi. Mama mkwe akawa ananipapasa mgongo, "pole baba, vuta pumzi", na yeye hata mtandio haujahama.

Treni ile ile, reli ile ile, mtu yule yule. Mimi nasema alasiri treni ilikuwa inakimbia zaidi, na hapo sibanduki. Mke anasema ni siti. Mtoto mkubwa anasema ni uzito wangu. Wataalamu karibuni. Matusi hapana.

#2 Kengele ya Mwisho
Nimekaa siti ya mbele kusubiri wataalamu. Ya nyuma nimeiogopa.

#3 Mzee wa Foleni
Uzi bila picha hatuuelewi. Hizi bustani zina kamera pale kwenye mteremko, ukitoka unakuta sura yako imebandikwa kwenye kioo inauzwa. Ilete.

#4 Nati na Bolti
Mke yuko sahihi, tufunge uzi.

Treni si jiwe moja, ni mabehewa yaliyoungana. Mnyororo ukishalifikisha behewa la mbele kileleni likaanza kuinama, nyuma yake bado kuna mzigo wote unapanda. Kwa hiyo wa mbele ananing'inia, anatazama chini, anasubiri. Uzito mwingi ukishavuka ndipo treni inachomoka, na wakati huo behewa la mwisho bado halijafika juu. Linafika likiwa linakokotwa, linavuka kilele linakimbia. Siti inageuka kwenda chini, mwili wako bado unataka kuendelea na safari ya juu. Ndiko kunyanyuka huko.

#5 Samaki Mkunje
Kwa hiyo behewa la nyuma lina kasi kuliko la mbele? Nimejifunza kitu leo.

#6 Nati na Bolti
Hapana, usijifunze hicho! Yameungana, yana mwendo mmoja kila sekunde. Tofauti ni kwamba wewe uko wapi wakati treni ina mwendo gani. Wa mbele anavuka kilele treni ikiwa inatambaa, wa mwisho anavuka kilele kile kile treni ikiwa imeshachanganya. Bondeni nako: mara nyingi wa katikati ndiye anayepita chini kabisa wakati kasi iko juu kabisa.

#7 Baba Watatu
Mkuu Nati asante, nimekuelewa. Ila kuna ushahidi sikuutoa. Mwanangu ana saa ya kuhesabu sekunde. Alipima tangu mnyororo unapoachia hadi breki za mwisho: asubuhi sekunde 71, alasiri 67. Siti haipunguzi sekunde.

#8 Sukuma Twende
Hapo sasa. Mimi niko upande wa mleta uzi. Asubuhi grisi ndani ya beringi ni nzito na magurudumu yamepoa. Yale magurudumu si chuma kitupu, mengi yamevikwa plastiki ngumu, na plastiki baridi inagoma kubingirika. Treni ikizunguka saa tano au sita kila kitu kinapata moto na kulainika. Ndiyo maana asubuhi kabla ya kufungua wanazungusha treni tupu kwanza. Sehemu zenye baridi kali wengine hawafungui kabisa, kwa sababu treni inaweza kukosa nguvu ya kuvuka kilima ikabaki inabembea bondeni. Hiyo ikitokea siku imeharibika, maana haina injini ya kuiondoa pale.

#9 Kengele ya Mwisho
Haina injini??

#10 Sukuma Twende
Hii ya mnyororo haina. Inavutwa juu mara moja, inaachiwa, baada ya hapo ni mteremko na Mungu.

#11 Mwalimu wa Zamu
Mtoto wa miaka 14 yuko sahihi pia na hakuna aliyemtetea. Asubuhi treni ilikuwa imejaa?

#12 Baba Watatu
Asubuhi nusu tupu. Alasiri kila siti ilikuwa na mtu, foleni dakika hamsini.

#13 Mwalimu wa Zamu
Basi. Treni iliyojaa inamaliza haraka kuliko iliyo tupu.

#14 Ngozi Ngumu
Mwalimu unatudanganya. Galileo alishamaliza hiyo kesi, kitu kizito na chepesi vinaanguka sawa. Tulifundishwa kidato cha pili.

#15 Mwalimu wa Zamu
Vinaanguka sawa pasipokuwa na hewa, kijana. Kidato cha pili uliondoka mapema. Treni inapambana na upepo, na upepo hauongezeki kwa sababu abiria wana matumbo: umbo la treni linabaki karibu lile lile, mzigo ndio unaozidi. Nguvu ile ile ya upepo ikizuia tani nne na ikizuia tani sita, wapi itaonekana zaidi? Chukua karatasi na jiwe uviachie, utajibiwa na sakafu.

#16 Ngozi Ngumu
Nimekubali kwa shingo upande. Kwa hiyo mleta uzi ni mnene, tumalize hapo.

#17 Baba Watatu
Nilisema matusi hapana.

#18 Muuguzi wa Usiku
Mnabishania sekunde nne, aliyetapika ni mtu.

Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye majimaji inayoueleza ubongo kichwa kinageukia wapi. Macho nayo yana taarifa yao. Zikigongana ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa. Siti ya mbele unaiona reli, unajua sasa kulia, sasa chini, shingo inajiandaa kabla. Siti ya nyuma unaona visogo vya watu. Ni kama dereva na abiria: anayeendesha hatapiki, anayesoma siti ya nyuma ndiye anayeomba gari lisimame. Kwa hiyo ni siti kweli, ila si kwa sababu ya Nati.

Halafu mleta uzi, ulikula saa ngapi? Ulikunywa maji? Ulisimama juani dakika hamsini.

#19 Samaki Mkunje
Dada Muuguzi, mbona bibi wa miaka 67 hakutapika? Alikuwa siti hiyo hiyo, visogo hivyo hivyo.

#20 Muuguzi wa Usiku
Kichefuchefu cha mwendo kinawasumbua zaidi watoto wa shule, na wengi kinawapungua umri unavyokwenda. Vichanga chini ya miaka miwili ni nadra kukipata. Bibi anaweza kuwa ameshavuka huo mto.

#21 Kipepeo Mweusi
Mbona mama yangu ana miaka 60 na kwenye lifti tu anashika ukuta? Na nimesoma kwamba wanawake ndio wanaopata zaidi kuliko wanaume. Hiyo ya umri haijakaa sawa.

#22 Muuguzi wa Usiku
Kweli kwamba wanawake hupata zaidi. Na kizunguzungu cha wazee ni jambo lingine, sikio lenyewe linachoka. Nimesema wengi, sikusema wote.

#23 Mzee wa Foleni
Picha bado.

#24 Mama Watatu
Habari za humu. Mimi ndiye mke. Nimeonyeshwa uzi huu na dada yangu, nimecheka hadi nikapaliwa.

Baba Watatu hajasimulia yote. Moja, kati ya asubuhi na saa tisa alipanda vile vikombe vya kuzunguka na huyu wa katikati, MARA TATU, kwa sababu mtoto alimwambia baba wa mwenzake anaweza. Mbili, picha ipo na nimeinunua mimi. Mama amenyoosha mikono yote juu, kafungua mdomo, anacheka. Mume wangu kafumba macho, kidevu kifuani, kashika ile baa ya mapajani kama anaitoa kwenye reli.

#25 Kengele ya Mwisho
HAHAHAHA uzi umepata mwenyewe.

#26 Ngozi Ngumu
Vikombe mara tatu halafu anamlaumu beringi.

#27 Muuguzi wa Usiku
Hilo la vikombe ulitakiwa kulianza nalo mleta uzi. Kuzunguka mahali pamoja kunakoroga yale majimaji kuliko hata kushuka. Na kufumba macho huenda kumekuzidishia: huoni reli inakoelekea, shingo haijiandai.

#28 Baba Watatu
Picha ni sehemu ndogo ya sekunde, kila mtu hupepesa. Na kati ya vikombe na treni ilipita zaidi ya saa nzima. Nilikuwa mzima kabisa, nimesimama foleni napiga hadithi. Mama Watatu tutaongea nyumbani.

#29 Bi Mdogo wa Mjini
Wote mmepita mbali. Huyu mtu alikuwa amekaa na MKWE WAKE. Asubuhi na mwanawe alipiga mayowe, alicheka, pumzi ikatoka. Alasiri amebana kila kitu, hawezi kupiga kelele mbele ya mama mkwe, hawezi kumshika mkono, hawezi hata kusema "mama nakufa". Mume wangu nilimpandisha na baba yangu, alishuka hana rangi. Na alikuwa siti ya mbele.

#30 Mwalimu wa Zamu
Hii ndiyo nadharia bora kuliko zote pamoja na yangu.

#31 Muuguzi wa Usiku
Na wala si utani mtupu. Mtu akibana pumzi na kukaza tumbo anajisikia vibaya zaidi. Kupiga kelele walau kunakulazimisha kutoa pumzi.

#32 Fundi Mkono Mmoja
Nimechelewa. Nina swali la pembeni: nilikuwa kwenye moja ikasimama katikati ya mlima, tunatazama mawingu, dakika ishirini. Walitushusha kwa ngazi za pembeni mmoja mmoja. Breki zilifeli?

#33 Nati na Bolti
Kinyume chake, zilifanya kazi. Reli imegawanywa vipande, na sheria ni treni moja kwa kipande. Ikiwa iliyo mbele haijaondoka, hata kwa sababu abiria mmoja kituoni mkanda umegoma, inayofuata inasimamishwa. Mlima ni mahali salama pa kusimamia. Ule mlio wa ka-ka-ka-ka unaousikia mkipanda si mnyororo, ni meno ya chini ya behewa yanaruka kwenye ngazi ya chuma. Mnyororo ukikatika, meno yanakamata, hamrudi nyuma.

Breki za mwisho nazo nyingi siku hizi ni za sumaku. Bamba la shaba au alumini likipita kati ya sumaku linazuiwa lenyewe, hata umeme ukikatika. Haziwezi "kusahau" kufanya kazi.

#34 Fundi Mkono Mmoja
Kumbe. Mimi nilishatubu dhambi zote pale juu.

#35 Kengele ya Mwisho
Na kwenye kitanzi, kinachozuia treni isidondoke ni kasi tu?

#36 Nati na Bolti
Kasi kwanza. Lakini kuna magurudumu ya aina tatu: ya juu ya reli, ya ubavuni, na ya chini yanayoikumbatia reli. Hayo ya chini mbunifu wa rolakosta John Miller aliyapatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1919 kule Marekani, na ndiyo yaliyoruhusu vilima vikali, maana kabla ya hapo ukinyanyuka na treni inanyanyuka nawe.

#37 Kipepeo Mweusi
Kwa nini kitanzi si duara? Nimeviangalia, vimekaa kama tone la maji.

#38 Mwalimu wa Zamu
Swali zuri. Duara walilijaribu. Mwaka 1895 pale Coney Island, New York, kulikuwa na Flip Flap, kitanzi cha duara kamili. Treni ikiingia kwenye duara kwa kasi, ghafla shingo inabebeshwa mzigo wote kwa mpigo. Watu walishuka wanashika shingo, haikudumu. Umbo la tone linapinda taratibu chini, penye kasi kubwa, na linapinda kwa nguvu juu, penye kasi ndogo. Mjerumani Werner Stengel ndiye aliyechora lile la rolakosta ya Revolution huko California, 1976, na kuanzia hapo vitanzi vikarudi.

#39 Samaki Mkunje
Kwa Kiswahili hiki kitu tukiiteje? "Rolakosta" inanikaa vibaya mdomoni. Mimi nasema bembea ya reli.

#40 Ngozi Ngumu
Bembea inakwenda na kurudi. Hii ikirudi kimbia.

#41 Mwalimu wa Zamu
Msione aibu, hakuna anayekubali kuwa mwenyewe. Wafaransa wanaiita "milima ya Kirusi" kwa sababu ilianza na miteremko ya barafu ya Urusi. Warusi wenyewe wanaiita "milima ya Kimarekani". Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua yake Coney Island mwaka 1884, mwendo kama kilomita 10 kwa saa, abiria wamekaa ubavu wanatazama mandhari.

#42 Ngozi Ngumu
Kilomita 10 kwa saa hata Baba Watatu asingetapika.

#43 Bi Mdogo wa Mjini
Angekaa na mkwe angetapika.

#44 Sukuma Twende
Tukiwa kwenye kasi: kubwa kuliko zote ni Kingda Ka, New Jersey, mita 139, kilomita 206 kwa saa. Nimeiweka kwenye orodha yangu ya kabla sijafa.

#45 Mzee wa Foleni
Yenyewe imekutangulia kufa. Ilifungwa 2024, na mapema 2025 wakaiangusha kwa baruti. Na kwa kasi ilishapitwa zamani na Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010: kilomita 240 kwa saa, abiria wanavaa miwani ya kukinga macho kwa sababu ya upepo na mchanga. Hiyo haivutwi na mnyororo, inarushwa kama ndege kwenye meli ya kivita.

#46 Mama Watatu
Nina swali langu la kweli. Mwanangu mdogo wa miaka 7 alilia siku nzima. Kibao kinasema sentimita 120, yeye ana 118. Kuna mama mmoja foleni alinishauri nimwekee tishu kwenye viatu. Sikufanya, lakini nimejiuliza: sentimita mbili ni kitu gani?

#47 Nati na Bolti
Asante kwa kutofanya. Kile kipimo si cha ushujaa wala umri. Kiti na baa ya mapajani vimeundwa kwa mwili wa kuanzia kimo fulani: baa ikae kwenye nyonga, mgongo ufike nyuma, kichwa kifike kwenye mto. Tishu zinarefusha kisigino, hazirefushi nyonga. Halafu kumbuka pale #4, kuna sekunde ambazo mwili unataka kutoka kwenye siti. Baa ikiwa imekaa vibaya ndizo hizo.

#48 Kipepeo Mweusi
Nakazia. Mfanyakazi akisema hapana, usibishane naye mbele ya mtoto.

#49 Muuguzi wa Usiku
Ila mpime asubuhi, Mama Watatu. Sichekeshi. Mtu akiamka ni mrefu kidogo kuliko jioni, kama sentimita moja hivi, kwa sababu vile vigozi kati ya pingili za uti wa mgongo vinabonyea mchana kutwa.

#50 Ngozi Ngumu
Tazama basi! Asubuhi treni inapungua kasi na watu wanaongezeka urefu. Bustani zifungue alfajiri.

#51 Mama Watatu
Bado atakuwa 119 😂. Asanteni. Kingine: tulivyofanya, baba alipanda kwanza mimi nikabaki na mdogo, kisha nikapanda bila kurudi mwisho wa foleni, mfanyakazi alituruhusu. Wazazi ulizeni hilo mlangoni, bustani nyingi zinao utaratibu huo na hawautangazi kwa sauti.

#52 Muuguzi wa Usiku
Nirudi kwa mama mkwe. Bibi ana presha? Vibao vile vinavyotaja moyo, presha, mgongo, shingo, ujauzito na upasuaji wa karibuni si mapambo.

#53 Mama Watatu
Hana presha, alipimwa mwezi uliopita. Goti tu, na goti lilimsumbua kwenye ngazi za kupandia. Kwenye treni alisema ndipo lilipopumzika.

#54 Fundi Mkono Mmoja
Mimi nilisikia rolakosta inatoa mawe ya figo. Uongo?

#55 Muuguzi wa Usiku
Si uongo, lakini usiache kwenda hospitali. Daktari David Wartinger wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan aliona wagonjwa wanarudi kutoka Florida wanasema jiwe limetoka baada ya kupanda Big Thunder Mountain, rolakosta ya Disney. Akatengeneza figo ya bandia, akaiwekea mawe halisi, akaibeba kwenye begi akapanda nayo mara nyingi. Alichapisha 2016. Siti za nyuma mawe yalipita karibu asilimia 64, za mbele karibu 17. Mwaka 2018 akapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ni figo ya bandia, treni moja, mawe madogo. Mwenye jiwe kubwa akatibiwe.

#56 Nati na Bolti
Siti za NYUMA. Mmeona? Nilisema pale #4.

#57 Sukuma Twende
Nati, jiwe la figo halina macho wala halina mkwe. Hilo linathibitisha mtikisiko, halithibitishi kutapika. Na sekunde nne hujazijibu mpaka leo.

#58 Kipepeo Mweusi
Samahani, hizo sekunde nne mtoto alipima akiwa wapi? Asubuhi alikuwa ndani ya treni na baba yake. Alasiri baba alikuwa na bibi.

#59 Baba Watatu
…Asubuhi akiwa siti ya mbele. Alasiri alikuwa chini kwenye uzio.

#60 Nati na Bolti
Ndani ya treni alianza kuhesabu behewa LAKE lilipovuka, tena la mbele, kabla treni haijachomoka. Chini kwenye uzio ameanza pale alipoiona inashuka. Sekunde nne hizo hapo.

#61 Sukuma Twende
Si zote. Labda mbili. Nyingine ni grisi.

#62 Mwalimu wa Zamu
Na abiria wa ziada wa alasiri hamuwapi hata nusu sekunde?

#63 Baba Watatu
Wakuu, Jumamosi tunarudi. Nimeamua kufanya jaribio. Nitapanda alasiri, siti ya mbele, na mtoto atapima akiwa uzioni asubuhi na alasiri. Mama mkwe atakaa nyuma peke yake, amekubali. Kwa kweli ameng'ang'ania.

#64 Muuguzi wa Usiku
Vikombe marufuku. Macho wazi, tazama reli inakoelekea, kichwa kiegemee mto. Dawa za kuzuia kichefuchefu zinamezwa kabla ya safari, si baada, na nyingi zinaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari kurudi. Kula kidogo, si kufunga.

#65 Baba Watatu
MREJESHO. Asubuhi sekunde 69 kutoka uzioni, alasiri 67. Nimepanda mara mbili, siti ya mbele, nimeshuka mzima. Nimepiga kelele zote nilizokuwa nazo. Vikombe sikupanda. Dawa sikumeza. Saa nane mvua ilinyesha kidogo, walisimamisha nusu saa wakafungua tena.

#66 Sukuma Twende
Sekunde mbili! Grisi hoyee!

#67 Mwalimu wa Zamu
Treni zilikuwa na abiria wangapi?

#68 Fundi Mkono Mmoja
Na reli ilikuwa imelowa. Reli yenye maji inateleza, treni inakimbia zaidi. Jaribio limeharibika.

#69 Kipepeo Mweusi
Umebadilisha siti, vikombe, macho, mkwe na kelele kwa siku moja. Sasa umethibitisha nini?

#70 Bi Mdogo wa Mjini
Kwamba mkwe alikuwa nyuma. Kesi imekwisha.

#71 Baba Watatu
Haijaisha. Nitarudi nyuma, na mama mkwe, bila vikombe. Siku nyingine. Sijasema lini.

#72 Kaka Mgeni
Habari wakuu, sijasoma posti zote. Kwani siti nzuri ni ya mbele au ya nyuma?

#73 Ngozi Ngumu
😂😂😂 Karibu sana, anzia #1.

#74 Mama Watatu
Mzee wa Foleni, mama anakuuliza wewe wa posti #45: ile ya kilomita 240, miwani ya kukinga macho inavalika juu ya miwani yake ya kusomea, au avue?